Moyo Aliopewa Mama Yangu

Riwaya za kwanza za watu wazima nilizosoma zilinukia sabuni ya kipande. Madam Rispa, mwalimu wa Kiswahili aliyepanga chumba kilichopakana na chetu kule mtaa wa Pioneer, hakuwa na rafu ya vitabu, kwa hiyo alivipanga ndani ya makatoni ya sabuni aliyoyaomba dukani, na harufu ile ilikuwa imeingia hadi kwenye nyuzi za jalada. Ukifika mahali ambapo mtu anamkaba ndugu yake koo, pua yako inakuambia ni siku ya kufua. Hadi leo sijui kuogopa kitabu kwa jinsi watu wengine wanavyoogopa. Nilijifunza kusoma mambo ya kutisha mahali penye usafi na joto, mvua ya Eldoret ikipiga mabati juu yetu, chai ikiwa tayari, mama yangu ameketi karibu na sindano zake, na mwanamke niliyempenda karibu sawa na mama akinitazama nikigeuza kurasa. Huo ulikuwa msimu mmoja tu, kuanzia mvua za Aprili hadi mahindi yalipoanza kukauka mashambani, nami nilikuwa msichana wa darasa la sita. Nimeishi ndani ya msimu ule kwa muda mrefu kuliko misimu mingine yote ya utoto wangu.

Tulikuwa tumehamia mjini baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi. Kabla ya hapo tuliishi Burnt Forest, kwenye shamba la kukodi, sisi na kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliyekuwa mgonjwa wa nyonga na hakuweza kutembea zaidi ya kutoka kitandani hadi kwenye kigoda chake mlangoni. Siku moshi ulipoonekana upande wa pili wa bonde, Baba alikuwa kazini Turbo, kwenye ghala la mahindi alikokuwa karani. Mama aliondoka na sisi watoto mchana ule. Kukhu alibaki. Jirani mmoja, mtu wa jamii ile nyingine, alimbeba baadaye kwa toroli hadi kanisani, na huko kukhu akafariki siku chache baadaye, kabla Baba hajapata njia ya kumfikia. Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba kukhu alikataa kuondoka. Alisema, "Nendeni, mimi nitabaki na kuku wangu." Baba aliwasimulia wageni maneno hayo kwa sauti ya mtu anayejivunia mamake, na Mama alikuwa akiinuka kuongeza maji kwenye chai kila yanaposemwa.

Mama alifuma sweta za shule kwa mashine iliyojaza nusu ya chumba. Hakuwa mtu wa maneno. Majirani wa ploti walimwona mwenye maringo, hadi Madam Rispa alipohamia pale na siku ya kwanza akaja kuomba moto wa jiko. Waligundua wametoka upande mmoja wa Magharibi, wanasema lugha moja, na tangu hapo Mama akawa anachukua sindano za mkono na kwenda kukaa kwa mwalimu jioni mpaka Baba arudi kutoka ghala la mjini alikohamishiwa. Mimi nilifuata. Madam alikuwa mwembamba, hana mume wala mtoto, na alicheka kwa kufunika mdomo kama msichana. Wiki ya pili alinikuta nimeingiza mkono katonini. Badala ya kunikemea alichagua kitabu akanipa, na Mama aliposema, "Mwalimu, hicho si kikubwa kwake?" yeye akajibu, "Dada, huyu ni msomaji. Msomaji hapewi uji."

Hivyo nikaanza. Kulikuwa na riwaya ya mtu aliyeamini mke wake anamtilia sumu kwenye chakula, akajinyima mpaka akafa kwa njaa kando ya vyungu vilivyojaa. Kulikuwa na nyingine ya mama aliyemchukia mwanawe mmoja tangu alipozaliwa, akatumia maisha yake yote kumwonyesha upendo ili asigunduliwe. Sikuelewa kila neno, ila nilielewa kwamba watu wana chumba cha ndani ambacho hawamfungulii mtu, na kwamba vitabu hivi vilikuwa na ufunguo. Nikimaliza, Madam alinikalisha kwenye stuli na kuniuliza swali lile lile kila mara. "Usiniambie alifanya nini. Niambie alikuwa na nini moyoni." Nilijibu kwa furaha. Alikuwa akinisikiliza huku ameweka kalamu chini, hata kama rundo la madaftari ya kusahihisha lilikuwa mbele yake, na hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kuniwekea kalamu chini. Nilimwamini kwa kila kitu. Alipotuambia kwamba yeye mwenyewe anaandika, mimi na Mama tulifurahi kana kwamba ni ndugu yetu aliyepata kazi.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ilinyesha mvua ya mawe. Kelele juu ya mabati ilikuwa kubwa hivi kwamba hakuna aliyeweza kusema, nasi tukakaa tukitazama mawe meupe yakirukaruka uani. Ilipopungua, Mama alikuwa ameacha kufuma. Alianza kusema akitazama mlango. Alisema kwamba kukhu hakukataa kuondoka. Alisema alikuwa amemfunga mdogo wetu Simiyu mgongoni, mkono mmoja amemshika ndugu yangu Wafula na mwingine mimi, amevaa gambuti za Baba kwa sababu ndizo alizokuta mlangoni, na alipofika kwenye ua wa mwisho wa shamba kukhu alimwita kwa jina. Mama Nekesa. Akaendelea kutembea. "Sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Hata Baba Nekesa hajui." Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu wazi magotini, nikijifanya kusoma. Madam aliinuka, akachuchumaa mbele ya Mama na kumshika mikono yote miwili, pamoja na sindano na uzi wake. "Dada," alimwambia, "haya yatakaa hapa hapa." Mama alilia kidogo, akajifuta, akauliza kama chai bado ni moto.

Na mimi pia nilikuwa na kumbukumbu yangu ya siku ile, ingawa nilikuwa mdogo. Nilikumbuka mabua ya mahindi yaliyovunwa yakinichoma miguu. Nilikumbuka pia sauti ya kukhu. Aliita mara moja, kwa sauti ile ile aliyoitumia akitaka aletewe maji, ya mtu anayejua atajibiwa.

Mwaka huo ulipokwisha Madam alihamishiwa shule nyingine, akapata nyumba ng'ambo ya mto Sosiani. Alipokuja kututembelea tena mimi nilikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Alikuja Jumamosi na keki, amevaa kitenge kipya, na kwenye mkoba wake kulikuwa na nakala za riwaya yake iliyokuwa imetoka tu. Jalada lilikuwa jeusi, na juu yake mgongo wa mwanamke akitembea katikati ya mabua. Moja alimpa Baba kwa mikono miwili, ameandika ndani, "Kwa nyumba iliyonipa moto." Nyingine alinipa mimi pembeni. "Nataka wewe ndiye uniambie," alisema. "Wewe nimekulea mwenyewe." Mama, ambaye aliishia darasa la tatu na kusoma kwake kulikuwa kwa kuunganisha herufi, aliipokea ile nakala ya Baba, akaipangusa kwa upindo wa leso na kuisimamisha kwenye kabati, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, kando ya picha yao ya harusi.

Nilikisoma kitabu hicho siku ile ile, nimeketi nyuma ya tangi la maji. Lazima niseme kilikuwa kizuri. Kilinishika kuliko vyote vilivyotoka kwenye makatoni. Mwanamke anaitwa Selina. Anaishi na mama mkwe mgonjwa wa nyonga anayeketi kwenye kigoda mlangoni. Nilizisoma kurasa zile nikiwa na furaha ya kipumbavu ya kuona vitu vya nyumbani kwetu kitabuni, mpaka Selina alipoingiza miguu kwenye gambuti za mumewe na kufunga mtoto mgongoni. Hapo nikajua. Sikuweza kuacha. Anafika kwenye ua wa mwisho na bikizee anamwita, anamwita tena na tena, anamsihi, anamtaja hadi wazazi wake. Selina anasimama. Na Madam Rispa, kwa lugha tamu sana, anatufungulia chumba cha ndani. Selina anasikia utamu. Anakumbuka kila tusi alilotukanwa na bikizee yule, kila sahani iliyorudishwa, na kila anapokumbuka moja hatua yake inakuwa nyepesi, mpaka anapoingia kwenye mabua anatembea kama bibi harusi. Nilirudia ukurasa ule mara kadhaa. Kisha nikawaza jambo ambalo sijalisahau. Niliwaza: kumbe ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimefunzwa kwamba vitabu vya aina hii havidanganyi, na mwalimu wangu ndiye aliyenifunza. Kwa wiki nzima nilimtazama mama yangu akihesabu mishono, nikiutafuta ule utamu usoni pake.

Baba alisoma polepole, Jumapili baada ya kanisa, akiweka tiketi ya basi mahali alipoishia. Nilikuwa nikiitazama ile tiketi ikisogea. Alipokaribia sura ile nilikichukua kitabu na kukificha chini ya godoro letu. Mama ndiye aliyekipata akitandika. Alinikaripia vibaya. "Kitabu cha mwalimu kinawekwa chini ya godoro? Hiki ni kitu cha heshima." Akakirudisha kabatini, tiketi ikiwa bado ndani. Ningesema nini? Nikimwambia kilichomo, nitakuwa nimemwambia kwamba nilisikia siku ile ya mvua ya mawe. Nikajiambia labda Baba atachoka.

Hakuchoka. Jumapili iliyofuata Mama alikuwa anamenya viazi kwenye karai, Wafula na Simiyu wako nje, mimi nafanya hesabu mezani. Baba alifunga kitabu bila kuweka tiketi.

"Mama Nekesa," alisema. "Mama yangu alikuita?"

Mama hakuinua kichwa. "Nani amekuambia?"

"Nakuuliza wewe."

Kisu kilisimama. "Aliniita."

"Na ukaenda."

"Nilikuwa na watoto, Baba Nekesa. Watatu. Mikono ilikuwa imejaa."

Baba alikuwa mtu mpole, na hakupandisha sauti hata wakati huo. "Hilo naelewa," alisema. "Hilo ningeelewa hata ungeniambia siku ile. Nataka kujua kitu kimoja. Ulifurahi?"

Mama alimtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ngeni. "Nifurahi nini?" aliuliza. Halafu macho yake yakafuata mkono wa Baba mpaka kwenye jalada jeusi, na nikaona akielewa. Alielewa taratibu, kuanzia mdomoni kwenda juu.

Siku iliyofuata, Baba akiwa kazini, Mama alifunga mlango akaniambia nimsomee. Nilisoma sura yote. Nilipofika kwenye utamu nilitupa jicho ukurasa unaofuata, naye akaniambia, "Soma. Usiruke." Nilipomaliza alivuta uzi uliolegea kwenye sweta ya mteja. "Hapo pa kuitwa ni kweli," alisema hatimaye. "Hapo pa kufurahi amepata wapi?"

Tulienda kumwona. Tulivuka mto kwa miguu, Mama amevaa nguo ya kanisa. Madam Rispa alitupokea kwa furaha, na nilipoona kwamba hakuwa na habari yoyote ya alichofanya, kitu fulani ndani yangu kilivunjika zaidi kuliko kama angejificha. Mama alikataa kuketi.

"Mwalimu, uliniambia yatakaa pale."

"Dada, hiyo ni riwaya," Madam alisema. "Selina si wewe. Selina ni mtu wa kubuni."

"Kama si mimi, mbona amevaa viatu vyangu?"

Madam alianza kulia. Sidhani alikuwa anaigiza. Alisema alikuwa amebeba hadithi ile kwa muda mrefu, kwamba haikuwa ikimwacha alale, kwamba wanawake wengi wataisoma na kujua hawako peke yao. Alisema riwaya haiwezi kuwa na mtu asiye na moyo. "Wewe hukuniambia ulihisi nini. Ilibidi nitafute."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, dada, ungeniambia?"

"Ningekuambia," Mama alisema. "Sikuhisi kitu. Nilikuwa natafuta mahali pa kukanyaga."

Madam alinigeukia mimi, machozi bado mashavuni, na kusema, "Nekesa, wewe unaelewa. Wewe ni msomaji." Nilijua anataka niseme nini, na kibaya zaidi ni kwamba kweli nilielewa. Nilielewa kwamba jibu la Mama lisingejaza nusu ukurasa. Mama alinishika mkono tukatoka, na tulipofika darajani aliniuliza kama nina njaa.

Hapakuwa na ugomvi nyumbani. Pengine ungesaidia. Baba aliomba kurudishwa kwenye ghala la Turbo, akawa anakuja mwisho wa mwezi, akiketi, akiuliza masomo yetu, akila alichopikiwa na kushukuru. Hakulisema jambo lile tena, wala hakuwasimulia tena wageni habari ya kukhu na kuku wake. Alipostaafu alienda moja kwa moja nyumbani kwao Magharibi, akajenga nyumba ndogo karibu na mahali alipomzika upya mamake, na Mama hakualikwa wala kukatazwa kwenda. Yeye yuko Pioneer bado. Anafuma. Nilimuuliza mara moja, nikiwa nimeshakuwa mtu mzima, kama aliwahi kumchukia kukhu. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Alikuwa na maneno," alisema. "Wazee wana maneno. Sijui, Nekesa. Siku hizi hata mimi sijui." Hapo nilimchukia Madam Rispa kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa hata Mama mwenyewe alikuwa ameanza kujitafuta kwenye kitabu cha mtu mwingine.

Nami nimepoteza kumbukumbu yangu. Nikijaribu kumsikia kukhu leo, ile sauti ya kuomba maji haiji. Inayokuja ni ya kitabuni, inayosihi tena na tena hadi kwenye mabua. Najua ni ya kubuni, najua hata sentensi inaanzia wapi kwenye ukurasa, lakini imekaa pale ilipokuwa ile nyingine na haitoki.

Watu hunishangaa nikisema bado nasoma vitabu vya giza. Mimi ni muuguzi hapa mjini, nina watoto, nacheka kama watu wengine, na kando ya kitanda changu huwa kuna riwaya ya mtu anayepoteza akili taratibu. Bado naamini kuna chumba cha ndani. Nilichoacha kuamini ni kwamba mwandishi ana ufunguo. Mara nyingi amevunja tu dirisha, akakuta chumba kitupu, akaingiza vyombo vyake mwenyewe, nasi tunapita tukisema jamani, tazama jinsi watu wanavyoishi. Utotoni nilisoma kama mtu aliyealikwa. Sasa nasoma nikijiuliza ni nani alilia mbele ya mwandishi huyu, na aliahidiwa nini.

Niko kwenye kundi la wasomaji, wengi wao vijana, linalokutana Jumamosi juu ya mkahawa mmoja katikati ya mji. Mwezi uliopita walikichagua kile kitabu. Kimechapishwa upya na jalada zuri zaidi. Sikuwaambia lolote, nikaenda. Walikijadili vizuri sana, kwa makini na upole, kama ambavyo Madam angetaka. Msichana mmoja wa chuo, mwerevu, alisema kwamba sura ya ua wa mwisho ni ya kweli kuliko chochote alichowahi kusoma. "Mimi namwelewa Selina," alisema. "Unajua alifurahi, na unajua hata wewe ungefurahi."

"Hakufurahi," nilisema.

Wote wakanigeukia, maana nilikuwa sijasema kitu mchana ule. Yule msichana hakukasirika. Alivuta kitabu chake karibu, akakifungua, tayari kuanza kupekua. "Kweli? Hiyo sikuiona," alisema. "Ni ukurasa gani?"

Alisubiri, kidole kwenye karatasi. Wengine nao wakafungua vyao. Sikuwa na ukurasa wa kumpa.